Daftari la Chozi

Mama hakuwa mtu wa kuandika.
Kwa hiyo nilipolikuta daftari nyuma ya debe la unga,
kule Miyuji, siku ya arobaini ya baba,
nilisoma nimechuchumaa, mlango nimeurudishia:

Jumatatu, chozi 3.
Jumanne, chozi 7.
Jumatano, chozi 11, mmoja hana mkia.

Nilikwisha kulifunika kwa aibu
kabla akili haijarudi kwenye mkia.

Kumbe ni ndege.
Kumbe chupa ya mwisho ya dawa ya kikohozi ya baba,
iliyoning'inia kwenye waya wa kuanikia nguo,
kizibo kimepakwa rangi ya kucha ya Yunisi mpangaji,
haikuwa kago, kama alivyonong'ona balozi Ndahani.
Vikombe vinne vya maji, kimoja cha sukari,
vichemke, vipoe.
Kwenye waya, grisi ya baiskeli ya marehemu
ili sisimizi wasivuke.

Nilikaa naye asubuhi moja juu ya kinu kilicholazwa.
Walikuja, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia,
dume kavaa kijani kinachogeuka kila akigeuka.
Hutua kwanza.
Hutazama huku, hutazama kule,
kama mtu aliyeingia dukani kukopa.

Mwaka ule mvua ilikata Januari,
mtama ukasimama magotini, ukakauka umesimama.
Daftari likanenepa: 19. 26.
Siku moja 40, na alama ya kuuliza.
Nikasema, Sechelela binti Malogo, ndege wamekupenda!
Akanitazama kama atazamavyo mbegu iliyotobolewa.
"Wageni wakijaa kwako saa ya chakula,
uliza kwao kumepikwa nini."

Mwaka uliofuata ikanyesha.
Ikanyesha hadi makorongo yakasahau adabu,
vichaka vikachanua rangi ambazo sina majina yake.
Daftari: 2. 0. 0. 0.
Pembeni, kwa penseli: Asante Mungu.

Ndipo nikajua kusoma.

Lakini sifuri za mwaka huu ni za namna nyingine.
Hakuna mvua, hakuna maua, na chupa imejaa.
Anamwaga yaliyochacha, anaisugua kwa mchanga na maji ya moto,
anaijaza tena kila Jumapili akitoka ibadani,
na sukari ilivyopanda bei.
0.
0.
Nyigu 5. (Amewakata kwa mstari.)

Mimi ni mpima viwanja.
Kile kilima cha mishubiri njia ya Nala,
kilichokuwa kikiwaka rangi ya chungwa kiangazi chote
wakati sisi wengine tumepauka,
nimekipima mimi.
Bikoni mia mbili na kumi na sita.
Greda lilipita siku mbili tu.
Nikalipwa, nikamnunulia Mama tangi la maji,
na maji ya tangi hilo ndiyo anayokoroga na sukari.

Hajaniuliza.
Angeniuliza ningekuwa na majibu ya kitaalamu:
makazi na biashara, barabara ya mita kumi na tano,
mji unakua, Mama, serikali imehamia.
Hajaniuliza.
Alinipa tu ugali, na mlenda, na kiti cha baba.

Jana alinipigia simu nikiwa kazini.
Hakusalimu.
"Mmoja," akasema. "Jike, rangi ya vumbi.
Kanywa kidogo, kaelekea huko kwako."
Salio likakata, au yeye alikata.

Nilitazama juu. Upepo, mifuko ya saruji ikiviringika,
kamba nyekundu kutoka pembe hadi pembe.
Nikafungua kitabu cha vipimo,
na chini ya nyuzi na dakika nikaandika:
chozi 1.

Msaidizi wangu alichungulia,
akanyamaza,
akaenda kusimama mbali, ameshika ncha ya kamba.